Vitasa Sitini kwa Siku Mbili

4 Februari

Mchumba wangu,

Hujambo? Mimi ni mzima, chuma cha reli kinanionea wivu. Bibi yako naye hajambo, ila goti linamsumbua. Mdomo ndio hausumbuliwi na kitu. Anasema mke mwenzake asisahau kula. Mama yako cherehani yake imepona, anashona sare za shule mpaka sebuleni hakuna pa kukaa. Paka amezaa ndani ya sanduku langu la vifaa, watoto wanne, juu ya tupa zangu. Nimeambiwa nisimsumbue. Mimi, fundi wa miaka hamsini, nafukuzwa kwenye sanduku langu na paka.

Usinipigie simu, niandikie. Bibi yako anasema nikiongea kwenye simu jirani ndiye anayejibu. Tena herufi hizi nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma maboksi ya vitasa, sitaki zipate kutu.

Haya. Mama yako ameniambia umepewa chumba namba arobaini na saba, bweni la wasichana, ghorofa ya juu. Nilicheka mpaka nikakohoa. Unajua nani alitia kitasa cha mlango huo? Si mwingine, ni huyu huyu anayekuandikia. Milango sitini, siku mbili! Kulikuwa na fundi mmoja tukimwita Msumari, kwa vile alikuwa mwembamba na kichwa kikubwa. Akasema, "Wewe hata kwa wiki mbili huwezi." Siku ya tatu asubuhi akaja, akanikuta nimekaa ngazini nakunywa chai. Akaanza kujaribu mlango mmoja mmoja, funguo na kitasa chake. Alipofika wa ishirini akakaa chini akaomba maji. Tangu siku hiyo hakuna fundi aliyefikia hapo, na waliojaribu wengine sasa wanauza mboga.

Kwa hiyo lala usingizi, mchumba. Hata upepo ukitaka kuingia kwako utaomba ruhusa.

Ni mimi babu yako,
Bingwa

19 Februari

Shikamoo Babu,

Natumaini barua hii inawakuta wazima. Mimi ni mzima. Mwambie mke mwenzangu nakula vizuri kuliko yeye, aache wivu. Mama mwambie ile sweta imenitosha, mikono tu ndiyo mirefu, nadhani aliipima kwa mkono wako.

Chumba ni kizuri. Kina dirisha moja linalotazama matangi ya maji, meza, kitanda cha chuma na kabati lisilofunga. Bafu liko mwisho wa korido. Nimepata rafiki, yuko chumba cha hamsini, anasomea udaktari. Tunamwita Miwani kwa sababu akiivua anasalimia milango. Masomo ya uhandisi ni magumu ila nayaweza.

Kitasa chako nimekiona. Kwa pembeni kina nukta zako tatu ulizogonga kwa msumari. Nilimwonyesha Miwani nikamwambia hiyo ni sahihi ya babu yangu.

Babu, Miwani ameniuliza swali, naona nikuulize wewe fundi. Je, inawezekana ufunguo mmoja ukafungua milango miwili? Ni swali tu. Na ile kazi ya siku mbili, uliifanyaje hasa? Hujawahi kuniambia.

Mjukuu wako

2 Machi

Mchumba wangu,

Marahaba. Huku salama. Watoto wa paka wamefumbua macho, mmoja anafanana na mjomba wako, hata kutembea kwake. Bibi yako ameugua mafua siku tatu, nyumba ikawa kimya, nikaanza kuogopa.

Unauliza niliifanyaje? Kwa mikono, mwanangu! Mkono wa kulia ukichoka nilikuwa nautukana, unaona aibu unaendelea. Siku ya kwanza sikula. Siku ya pili kitasa cha arobaini kilikuwa cha moto, ukikigusa unapiga kelele, kwa kasi niliyokuwa nayo. Mwashi mmoja alipita akaniuliza, "Mzee, unakimbizwa na nani?" Wakati huo hata mzee sikuwa, nilikuwa na miaka thelathini na minane, nywele tele.

Huyo Miwani mwambie asome udaktari, vitasa aachie wenyewe. Wewe nawe maswali hayo yanatoka wapi? Kuna kijana gani amekwambia ufunguo wake unafungua kwako? Mwambie kwamba babu yako ana nyundo.

Mama yako anataka kujua kama unalala mapema.

Bingwa

11 Aprili

Shikamoo Babu,

Nisamehe kwa kuchelewa, nilikuwa na majaribio. Mimi ni mzima. Wasalimie wote.

Naomba kitu kimoja. Kama una komeo la zamani kwenye sanduku, lile la chuma la kusukuma, nitumie na skrubu zake. Nataka kulitia kwa ndani. Mlango unapigwapigwa na upepo.

Mjukuu wako

18 Aprili

Mchumba wangu,

Marahaba. Wote hawajambo, nitakuambia habari zao siku nyingine.

Barua yako ina mistari michache kuliko risiti ya duka. Wiki tano na siku tano nimesubiri. Bibi yako ameisoma kwa kuisikiliza mara mbili, akasema, "Huyu hakumtania mtu hata mmoja. Hata mimi hakuniita mke mwenzangu. Ana nini?"

Sasa nisikilize. Nimetia makomeo kwenye milango ambayo siwezi kuihesabu, na sijawahi kumwona mtu anayeomba komeo la ndani kwa ajili ya upepo. Mlango ukipigwa na upepo unaukunjia kipande cha karatasi, basi. Anayeomba komeo kuna mtu anamwogopa. Ni nani?

Komeo ninalo. Silitumi mpaka uniambie. Mtu akizimia ndani na komeo limefungwa, wenzake watavunja mlango nusu saa nzima. Kwa hiyo usidhani nakunyima kwa ubahili.

Babu

25 Aprili

Shikamoo Babu,

Sikutaka kukuambia, na sababu utaiona mwenyewe.

Wiki ya pili tu ya Februari, Miwani alirudi kutoka darasani amechoka, akahesabu milango vibaya. Akaingia chumbani kwangu akidhani ni kwake. Nilikuwa mezani. Akaweka begi, akavua viatu, akanitazama akasema, "We, unafanya nini kwangu?" Tulicheka mpaka wa vyumba vya jirani wakaja. Kisha tukaacha kucheka, kwa sababu mlango nilikuwa nimeufunga kwa ufunguo. Aliufungua kwa ufunguo wake.

Tulijaribu na wa kwangu kwake. Ukafungua. Ndiyo maana nilikuuliza, nawe ukanijibu habari za mwashi.

Mwezi wa tatu, saa nane mchana, nilitoka bafuni. Mlango niliuacha nimeufunga na nikaukuta umefungwa. Lakini kikombe changu, ambacho huwa nakigeuza mdomo chini juu ya sahani, kilikuwa kimesimama na maji nusu. Na kitandani palikuwa na alama ya mtu aliyekaa. Hakuna kilichoibiwa. Ningefurahi kama kingeibiwa, ningejua alitaka nini. Alikaa tu, akanywa maji yangu, akatoka, akafunga. Hatujui ni nani mpaka leo.

Tangu siku hiyo nasukuma kitanda mpaka mlangoni. Nalala vipande vipande. Maktaba siendi, nakula biskuti chumbani ili nisitoke, na yale majaribio niliyokuambia nimefeli mawili. Kila nikisikia ufunguo wa mtu koridoni naangalia kitasa changu kama kitazunguka, na naziona zile nukta zako tatu.

Babu, uliifanyaje kazi ile kwa siku mbili?

Mjukuu wako

30 Mei

Shikamoo Babu,

Mwezi mzima na zaidi hujajibu. Mama ananiambia kwenye simu kwamba unakaa karakana siku nzima na hutengenezi kitu. Mimi sikuandika ile barua ili uumie. Lakini nimechoka kukulinda wewe huku mimi mwenyewe sina wa kunilinda, kwa hiyo nakumalizia yaliyobaki.

Mimi na Miwani tuliwaomba wasichana wote wa bweni watoke koridoni Jumamosi mchana, kila mmoja na ufunguo wake, tukajaribu mlango kwa mlango. Niliandika daftarini. Ufunguo wangu unafungua wa arobaini na moja, wa arobaini na nne, wa hamsini, wa hamsini na tatu, hivyo hivyo mpaka chini kabisa. Ukiruka miwili, wa tatu unafunguka. Milango ishirini. Aina za funguo ni tatu tu, Babu, jengo zima. Maana yake ni kwamba kila ufunguo uliopotea hapa kwa miaka arobaini, ulio mfukoni mwa mtu yeyote, mmoja kati ya tatu unafungua kwangu.

Tulimpelekea Mlezi wa bweni daftari. Ni mama mpole, ana kiti chenye mto. Hata hakulifungua. Alisema, "Wanangu, vitasa vile ni imara. Vilitiwa na fundi bingwa, sitini kwa siku mbili, mpaka leo watu wanahadithiana. Nyinyi mnasahau kufunga." Miwani akanitazama. Nilishindwa kusema bingwa ni nani.

Miwani amefunga mizigo, anaondoka baada ya wiki mbili. Mitihani ni wiki nne kutoka sasa na mimi pia nafikiria kurudi nyumbani. Mwambie mama asitandike kitanda changu bado, lakini asimpe mtu.

Mjukuu wako

6 Juni

Mjukuu wangu,

Barua hii ni ya tano, nne nimezichana. Za kwanza zote zilikuwa na mwashi ndani.

Vitasa vilikuja sitini, vitupu. Kila kimoja kinatakiwa kifunguliwe, vibati vya ndani vipangwe kwa namna yake, kisha funguo yake ichongwe kwa tupa, peke yake, mpaka ikubali. Ni saa moja na nusu kwa mlango kama unaheshimu kazi. Nilipewa siku kumi na mbili. Halafu Msumari akanicheka mbele ya mafundi wote, na mimi nilikuwa kijana wa mdomo.

Nikapanga vya aina tatu. Nikachonga funguo tatu, nyingine zote nikazinakili juu yake, jambo ambalo hata mtoto wa paka anaweza. Nikavitawanya moja, mbili, tatu, moja, mbili, tatu, ili majirani wasifanane. Nikajiona nina akili sana! Nilijisemea nitarudi baadaye nirekebishe polepole. Msumari alijaribu kila funguo kwenye mlango wake, zikafungua. Hakujaribu funguo ya mtu kwenye mlango wa mwingine. Watu wakapiga makofi. Utarudije kurekebisha kitu kilichopigiwa makofi?

Na nikaihadithia miaka arobaini. Kila nikiihadithia nilikuwa najaribu mlango kuona kama kuna mtu atafungua. Wewe umefungua.

Kila mara nilijiambia, ni vyumba vya wanafunzi, wana nini cha kuibiwa? Madaftari. Sikuwahi kufikiria kikombe.

Jana nimemwambia bibi yako. Nilimkalisha, nikamwambia nina jambo nimelificha tangu mama yako akiwa mdogo. Akashika kifua. Nikamweleza lote. Akasema, "Vitasa? Miaka yote hii unageuka geuka kitandani, mimi nikadhani una mwanamke wa nje. Kumbe vitasa!" Akacheka, akalia, kisha akaanza kunipangia nguo kwenye begi. Sikumwambia nasafiri. Yeye ndiye aliyeniambia.

Nimehamisha paka na watoto wake kwenye kapu. Tupa ninazo, vibati vipya ninavyo, macho yapo, mkono wa kulia unachoka upesi lakini nimeshautukana. Nakuja. Huyo Mlezi mpe karatasi niliyoiweka humu ndani. Imeandikwa jina langu lote na niliyoyafanya, na ina nukta tatu chini. Ukiona aibu kuipeleka, iweke mezani kwake utoke. Lakini ipeleke.

Miwani mwambie anisubiri. Wa kwake nitaanza nao.

Babu

14 Juni

Shikamoo Babu,

Nimeipeleka kwa mkono wangu na sikutoka. Mama Mlezi aliisoma kwa sauti nusu, nusu akaimalizia kimoyomoyo. Akaniuliza, "Huyu ni nani wako?" Nikasema, "Babu yangu mzaa mama." Akalifungua lile daftari, akachukua rundo lake la funguo za akiba, akapanda ngazi mwenyewe akaenda kujaribu. Aliporudi alikuwa anahema, akasema, "Aje kesho, si keshokutwa." Ameweka mlinzi mwanamke kwenye ngazi mpaka kazi iishe, na wanafunzi wasiotaka kulala peke yao ameruhusu walale wawili wawili. Mimi nalala chumbani kwa Miwani. Mizigo yake bado imefungwa, anasema ataifungua akikuona.

Nina hasira nawe, Babu. Nataka uijue kabla hujafika, usije ukaanza kunichekesha getini. Nikimaliza hasira nitakuambia mwenyewe.

Njoo na kofia, jua la huku ni kali.

Mjukuu wako

20 Julai

Mchumba wangu,

Hujaniambia kama hasira imekwisha, lakini hujakataza kuitwa mchumba, basi nimerudia.

Hujambo? Bibi yako anasema nimerudi nimekonda na nina adabu, na hataki kuyazoea yote mawili. Mama yako amefurahi kusikia mitihani yote umeifanya, matokeo yatakuja yenyewe. Paka amerudi kwenye sanduku lake. Nimeshasema ni lake.

Mama Mlezi ameniandikia, anauliza kwa nini kazi ilichukua siku kumi na mbili wakati nilimwahidi kumi na moja. Nitamjibu ni uzee. Lakini wewe nakuambia ukweli, kwa sababu sasa tumezoea.

Nilipanga kumi na moja ili nibaki japo na siku moja ya kujisifia. Nilikuwa naenda vizuri. Wa kwako niliumaliza siku ya saba, unakumbuka, nikakupa funguo mbili. Nikakuambia moja weka kwako, ya pili mpe mtu mmoja unayemwamini, usiwe na mlango ambao ukianguka hakuna wa kuufungua. Ukampa Miwani palepale, na yeye akakupa ya kwake. Hukunicheka wala hukuniambia asante. Ukaingia, ukafunga. Nikasikia funguo ikizunguka mara mbili, sauti nzuri, kavu, haina kigugumizi.

Nikahamia mlango wa jirani yako, nikatoa kitasa, nikashika tupa. Ndipo nikasikia miguu ya kitanda ikikwaruza sakafuni. Ilikuwa inaondoka kando ya mlango. Ikakwaruza mpaka kule dirishani. Kisha kimya. Kisha, mwanangu, ukaanza kukoroma, saa saba mchana, kama fundi wa mawe. Sijui umerithi kwa nani, bibi yako ananitazama ninapoandika hapa.

Sasa tupa ina kelele, unaijua. Nikaiweka chini. Nikakaa sakafuni koridoni, mgongo ukutani, kitasa cha watu mapajani. Wasichana walikuwa wakipita, wakifungua midomo kunisalimia, nikaweka kidole mdomoni mwangu. Wakavua viatu. Korido nzima ikawa inatembea peku. Miwani alikuja akakaa karibu yangu na kitabu chake, hakufunua hata ukurasa.

Ulilala mpaka jua likafika kwenye matangi. Siku ile, baada ya cha kwako, sikutia kitasa kingine hata kimoja.

Babu yako